Sura ya Tano Haina Karani

Juni 2

Mjukuu wangu,

Miaka kumi na moja! Hata kaburi hutembelewa. Mimi niko hai, nina meno saba, nina kiti cha ziada, na hujaja. Usiniambie kazi. Kazi ilikuwapo kabla hujazaliwa, na watu walikuwa wakienda kuwaona bibi zao. Usiniambie njia ni ndefu, maana vitabu vyako vimepita njia hiyo hiyo na havina miguu.

Haya, nimekugombeza, sasa nikusalimu. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje, maana ulizaliwa kwenye kipupwe kama hiki na ukaanza kukohoa kabla hujalia? Unakula? Una mtu wa kukuuliza kama umekula? Mimi sijambo, ukiondoa magoti. La kulia limekwisha kuniaga, la kushoto bado linafikiria. Baridi mwaka huu imeingia na hasira. Asubuhi maji ya pipa yanakuwa yameota ngozi nyeupe juu, nayavunja kwa mchi ndipo nichote.

Vitabu vimefika, vitatu, vimefungwa kamba kama kuni. Hivi kweli, mtoto wewe, unanitumia vitabu mimi, ambaye nikitazama herufi naona nyayo za kuku? Nilitaka kuvipanga dirishani vizuie upepo. Lakini nimepata macho ya kuazima. Chumba cha pili kutoka changu amehamia mzee mmoja mseja, sasa yapata miaka miwili. Alikuwa karani kule kiwanda cha mablanketi alikofanya kazi baba yako, wakati ule ofisini walikuwa makarani sita. Ndiye anayeandika barua hii. Watu wanamwita Nukta, kwa sababu akifika mwisho wa sentensi lazima aitamke, "nukta," kama mtu anayefunga mlango wa banda la mbuzi. Zamani aliniandikia mwenye duka, akawa anayakata maneno yangu ili arudi kwenye mizani yake. Huyu haachi neno. Nikimtukana anaandika. Nukta, una masikio kama vifuniko vya sufuria. Umeona? Ameandika.

Umesema kile cha jalada la kijani kina sura kumi na mbili, sura moja kwa kila juma la kipupwe, kwamba baridi ndiyo majira ya mtu kukaa ndani na kuitazama roho yake imefikia wapi. Umesema utakuwa unasoma huko sura ile ile, juma lile lile. Nimekubali. Si kwa ajili ya roho peke yake. Kama hatuwezi kukaa chumba kimoja, basi tukae sura moja.

Sasa niseme la moyoni. Najua kwa nini huji. Siku tulipomzika baba yako ilikuja karatasi ya kiwanda, ina muhuri, nawe una miaka kumi na minne, ukapewa uwasomee watu. Ukasoma kwamba boila ilipasuka kwa sababu mtunza boila alikuwa amelewa. Nikasema, uongo, mwanangu hakunywa. Ukanijibu mbele ya watu wote, "Bibi, imeandikwa." Nikakuzaba kofi. Lile kofi nalijutia mpaka leo. Neno langu silijutii. Mchungaji naye aliamini karatasi, akakataa kuomba kaburini, mwanangu akafukiwa kama taka. Wote mliojua kusoma mliamini. Mimi nisiyejua ndiye niliyejua.

Sitaki kufa kabla hujaniamini. Hicho ndicho ninachokiomba kipupwe hiki, na sina kingine.

Nukta amesimama kidogo, anapuliza vidole. Anasema ni baridi.

Wako wa siku zote,
Bibi yako


Juni 14

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti la kushoto bado linafikiria na halijaamua. Mimi ni mzima, kifua kinanisumbua asubuhi tu. Nakula. Mtu wa kuniuliza hayupo, najiuliza mwenyewe.

Nilicheka peke yangu niliposoma habari za masikio ya mzee Nukta. Mpe salamu zangu na pole zangu.

Kazi ni ile ile. Nakaa chumba cha nyuma, mitambo inanguruma ukutani, nawasahihishia watu vitabu vyao kabla havijachapwa. Hicho cha kijani nilikisoma mara nne, kalamu nyekundu mkononi, naweza kukuambia koma ziko wapi. Lakini kukisoma kwa ajili yangu mwenyewe, hii ndiyo mara ya kwanza, na ni kitu kingine kabisa. Sura ya pili inauliza mtu ameficha nini chini ya shughuli zake. Niliifunga nikaenda kufua nguo. Zilikuwa safi.

Kuhusu baba, tafadhali Bibi, tusome kwanza. Nilikuwa mtoto. Mlinipa karatasi, nikasoma kilichokuwapo. Zaidi ya hapo sijui.

Akupendaye,
Mjukuu wako


Julai 5

Mjukuu wangu,

Marahaba. Pole na kifua. Jifunge shingo, usione haya, hakuna aliyewahi kuchumbiwa kwa ajili ya shingo.

Tusome kwanza, umesema. Haya, tunasoma. Kila Jumapili tukitoka kanisani Nukta anakuja na miwani yake, naweka jiko katikati, anafungua hicho cha kijani. Na nikuambie ukweli, sura nne za kwanza zilikuwa kama chakula cha mgonjwa. Huyo mwandishi wenu anazunguka! "Roho nayo ina majira yake." Sawa, tumesikia, endelea! Nilimwambia Nukta, huyu mtu hajawahi kupasua kuni, angepasua angesema upesi.

Lakini sura ya tano! Mtoto wangu, sura ya tano ndiyo kitabu. Nilikuwa nachambua maharage, nikaacha. Yule karani! Kuna fundi ukuta aliyekuwa akimwambia mkubwa wake kwamba ukuta unaegemea, akaandika hayo kwenye daftari mara tatu, na hakuna aliyekuja kutazama. Ukuta ukamwangukia. Mkubwa akamwita karani, akamwambia chana kurasa hizo, uandike kwamba fundi alikuwa amelewa. Naye karani akachana. Akaandika. Tangu siku ile akitaka kusali anaona kurasa.

Nililia, nakuambia wazi. Nikasema, ona Nukta, hata vitabuni wanawasingizia wafu ulevi. Nukta akafunga kitabu, akasema sura imeishia hapo.

Inaishaje hapo? Hiyo ni adabu gani? Wewe uko karibu na waandishi, hebu muulize huyo bwana, je, karani alikwenda kwa mama wa marehemu? Alisema? Na mama alimjibu nini? Maana mimi ningekuwa huyo mama najua ningefanya nini, na si mambo ya kuandikwa kwenye kitabu cha dini.

Nukta anasema mkono umechoka. Leo hata nukta hazitamki.

Bibi yako


Julai 12

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimejifunga shingo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikachukua kitabu nikakaa nacho kazini mchana kutwa. Bibi, sura ya tano haina karani. Haina fundi ukuta wala mkubwa wake. Sura ya tano inahusu kunyamaza mbele za Mungu. Ina kurasa kumi na tisa, na zote ni za kunyamaza. Nimetazama na sura nyingine, labda mzee alifungua pengine kwa bahati mbaya. Hakuna karani popote katika kitabu kile, wala katika hivyo vingine viwili nilivyokutumia.

Tafadhali muulize mzee Nukta ameisoma wapi habari hiyo.

Mjukuu wako


Julai 20

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi mno, salamu na shingo tu, mpaka nikamwambia Nukta atikise bahasha labda nyingine imebaki ndani. Una nini? Umekasirika? Nimekuuliza habari za karani, hata neno moja hukunijibu.

Sura ya saba tumesoma. Karani karudi, lakini kwa kifupi. Anahamia nyumba ya karibu na mama wa marehemu, anapita mlangoni kwake kila siku, kila siku anajiambia leo. Nikasema huyo mama naye ni kipofu, haoni mtu anazunguka mlangoni kama kuku anayetaka kutaga?

Nukta anakohoa. Nimempa shuka yangu ya pamba, anakataa kuitazama.

Bibi yako


Julai 28

Bibi yangu,

Shikamoo.

Sasa naomba radhi, Bibi, maana mistari inayofuata si yako. Ni ya huyo anayekusomea.

Mzee Nukta, najua unaisoma barua hii kwa sababu hakuna mwingine wa kuisoma. Barua yangu ya tarehe kumi na mbili hukumsomea. Ulimsomea salamu, ukakunja karatasi. Nasahihisha vitabu vya watu kila siku. Najua palipotolewa maneno panavyokuwa. Kitabu hakina karani. Karani unaye wewe. Na hakuna fundi ukuta aliyekufa akaambiwa amelewa, ila namjua mtunza boila.

Ukiikunja na hii, wewe ni mwoga, nami nitaandika kwa mwenye duka, na kwa mchungaji, na kwa kila mwenye macho mtaani hapo, mpaka mmoja amsomee. Lakini ningependa asikie kwako. Umemwahidi hivyo sura mbili nzima. Soma. Usiache neno.

Bibi, nisamehe. Nitangoja.

Mjukuu wako


Agosti 8

Mjukuu wangu,

Leo sina salamu ndefu. Niko hai.

Barua hii anaiandika Nukta. Nimemlazimisha. Nimemwambia akiacha neno nitajua, maana mke wa mchungaji ataipitia kabla haijatiwa kwenye bahasha.

Barua yako ilifika Jumatatu. Akaifungua, akasoma salamu, akaishusha karatasi. Nikasema, endelea, au mjukuu wangu leo kaandika kwa lugha ya malaika? Akasema, "Mama, hii ni yangu." Nikasema, yako vipi, na juu limeandikwa jina langu? Basi akaisoma yote. Polepole. Hata pale ulipomwita mwoga alisema "mwoga," wala hakushusha sauti.

Kisha akasema, "Mama, karani ni mimi. Fundi ukuta hakuna. Ni mwanao."

Baba yako aliandika mara tatu kwenye daftari la zamu kwamba geji ya boila imekufa na njia ya kutolea mvuke imeziba. Hakuna aliyekuja. Ilipopasuka, kabla hata hajaokotwa, meneja akamwita Nukta. Akamwambia achane kurasa zile tatu, azichome, kisha aandike karatasi ya ulevi. Akaandika, kwa mwandiko mzuri. Ndiyo, Nukta, andika hilo: kwa mwandiko mzuri. Kurasa mbili alizichoma. Wa tatu anasema mkono ulikataa, anao mpaka leo.

Nikamuuliza, miaka miwili unakunywa chai yangu, ulikuwa unangoja nini? Akajibu kwamba kila siku alikuja kuniambia, na kila siku nikamkaribisha kiti. "Ulinikaribisha vizuri mno, Mama." Sasa hilo nalo ni kosa langu! Akasema kitabu chako kilipofika, akaona hicho ndicho kinywa chake. Alidhani nikilisikia kama hadithi nitamzoea yule karani pole pole, nimhurumie, ndipo amtoe kitabuni. Na kweli, nilikuwa nimeanza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa nimeanza kumhurumia.

Akapiga magoti. Nikamwambia inuka, magoti yako mabovu kama yangu, ukikwama hapo nitakuinua na nini? Hakuinuka. Akasema, "Nisamehe." Mimi nimeomba "utusamehe makosa yetu" tangu ubatizo wangu, kila asubuhi, na sikujua kwamba siku moja neno hilo litaingia ndani na kukaa sakafuni kwangu linanitazama.

Nikamwambia, bado.

Akasema ataniletea ule ukurasa. Nikamwambia, usilete kitu. Andika barua hii, ukimaliza nenda kwako, usinigongee mlango.

Hayo madoa kwenye karatasi ni yake, si yangu. Mimi nitalia akishatoka.

Bibi yako


Septemba 2

Mjukuu wangu,

Hujambo? Kifua? Barua zako mbili za katikati zimefika, nimezisikia juzi tu, sikuwa na wa kunisomea, na mwenye duka nilikuwa sitaki hata kumwona uso. Sikutaka kumwona mtu yeyote.

Barua hii anaandika Mama Mchungaji. Ana kalamu nzuri na moyo mzuri, lakini anapenda kunipambia. Nikisema "alikufa" anataka kuandika "alitwaliwa." Nimemwambia, mama, andika kama ninavyotapika.

Nukta amekufa.

Alitii. Hakugonga. Ukuta wetu ni mwembamba, akipiga chafya kwake mimi husema afya huku. Nikamsikia anakohoa. Juma la kwanza nikasema, akohoe, na mwanangu aliungua. Juma la pili kikohozi kikashuka chini, kikawa kama mtu anayeburuta kabati. Nikasema kesho nitampelekea maji ya moto. Kesho ikafika, nikasema kesho. Kiburi nacho kina kalenda yake. Kitabu cha kijani kiko mezani, kimefungwa, sikutaka hata kukigusa kisije kikanisemesha.

Jumamosi asubuhi sikusikia kitu. Nikachukua birika, nikaenda. Mlango haukuwa na komeo. Alikuwa kitandani na koti lake la kazi, soksi mikononi. Yu hai. Akanifungulia jicho, akasema, "Mama. Bado?"

Nikasema, "Bado. Kunywa kwanza."

Sikiliza, mjukuu wangu, maana hili nakuambia wewe peke yako, ingawa Mama Mchungaji yupo. Nilikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimelibeba pamoja na birika. Nilitaka tu apate joto kidogo, akae vizuri, alisikie vizuri. Nikamwinua kichwa. Akameza mara mbili. Funda la tatu likatoka pembeni mwa mdomo, likanimwagikia mkononi, nami nikaendelea kumshika nikisema kunywa, kunywa baba, mpaka maji yakapoa birikani.

Mama Mchungaji anasema niandike kwamba alilala katika amani. Hakulala. Alikufa akingoja, na aliyemngojesha ni mimi.

Walipomwandaa walikuta bahasha imeshonewa ndani ya koti. Ndani mna ukurasa mmoja wa daftari la zamu. Mama Mchungaji akaanza, "Bibi, huu ni mwandiko wa..." Nikamwambia kunja. Sijausikia. Hakuna aliyeusoma.

Tukamzika Jumatatu. Mchungaji aliomba kaburini kwake, aliomba hasa, mpaka watu wakapoteza hisia za miguu kwa baridi. Mwandishi wa karatasi kaombewa. Aliyeandikiwa karatasi hakuombewa. Mama Mchungaji, kalamu imesimama. Haya, kunywa maji. Anasema mumewe amejua yote tangu jana, hali chakula. Na asile siku mbili tatu, haitamdhuru, ana akiba.

Bibi yako


Septemba 9

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Sijui niandike nini kuhusu mzee Nukta. Nimekaa na barua yako siku mbili.

Kuhusu ule ukurasa. Tafadhali, Bibi, usiuache nyumbani, unaweza kulowa au kuliwa na panya. Umwombe Mama Mchungaji autume kwa rejista, kwenye bahasha ngumu. Ninazo barua mbili za zamani za baba, naweza kulinganisha mwandiko. Maelezo ya mzee ni ya kusikia tu, na amekwisha kufa. Nikishauona kwa macho yangu nitajua la kusema, nasi tutaweza kuzungumza.

Nitangoja rejista.

Mjukuu wako


Septemba 17

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Niliposomewa barua yako nilimwambia Mama Mchungaji aache nikatembee kidogo uani. Nikasimama kwenye baridi mpaka goti la kushoto nalo likaniaga. Kisha nikarudi kukujibu.

Ukurasa sitautuma. Si kwa rejista, si kwa bahasha ngumu, si kwa mkono wa malaika. Uko mahali pakavu, panya wa nyumba hii wananiogopa.

Umesema ukishauona utajua la kusema. Mtoto wangu wa damu, hiyo ndiyo shida yetu tangu mwanzo. Ililetwa karatasi ukaiamini karatasi. Sasa unataka karatasi nyingine ikufundishe kuamini kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo. Na mimi? Mimi nilikaa hapa katikati miaka kumi na moja nikisema neno moja. Nilimzaa, nikamlea, nikamfulia mashati mpaka akapata mke, nikainusa pumzi yake asubuhi ile alipopita kunisalimu akienda zamu. Neno langu halina muhuri. Lakini lilikuwa la kweli kabla Nukta hajakohoa, na lingekuwa la kweli hata kama angezichoma kurasa zote tatu.

Sikukasirikii. Mama Mchungaji, andika hilo mara mbili: sikukasirikii, sikukasirikii. Ulikuwa mtoto, wakubwa walikupa uongo ukausoma kwa sauti, na yeyote aliyekupa karatasi ile mkononi alikukosea kuliko ulivyonikosea mimi. Nami nilikuwa mmoja wao. Kofi lile ningejizaba mwenyewe.

Tumeanza upya kitabu, mimi na huyu mama. Ananisomea kama kilivyoandikwa, koma zako zote mahali pake. Sura ya tano ya kweli nimeisikia. Kunyamaza, kunyamaza, kunyamaza. Si mbaya. Lakini niseme ukweli wangu, ile ya Nukta ilikuwa bora. Mwandishi wenu ana maneno mazuri, Nukta alikuwa na jambo. Kama roho yangu imekua kipupwe hiki, basi imekulia pale, kwa kitabu ambacho hakikuandikwa, na imekua kwa upande mmoja tu kama mti unaopigwa na upepo. Naomba kila asubuhi. Nikifika kwenye "kama sisi tunavyowasamehe" nasimama, nasema jina lake halisi, ambalo nimelijua siku ya kumzika, nasema "sasa." Simsikii akijibu.

Mchungaji alikuja jana. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba moto. Anataka kwenda kuomba kwenye kaburi la baba yako, akaniuliza lini. Nimemwambia sina siku, siku ameishika mjukuu wangu. Asiombe mpaka uwepo. Mara ya kwanza ulikuwapo ukisoma. Ya pili uwepo ukisikiliza.

Baridi inaondoka. Maji ya pipa hayajaota ngozi siku nne. Njia ni nyeupe, huna cha kusingizia.

Basi sikiliza namna utakavyokuja. Usiandike kwamba unakuja, njoo. Utanikuta chumbani, mlango siufungi tena mchana. Najua ulivyolelewa, utataka kuinama uniamkie, uniulize goti, unitolee zawadi, tukae, tunywe chai, ndipo pole pole tufike kwenye maneno. Usifanye hivyo. Nilisema "kunywa kwanza" kwa mtu mmoja, inatosha. Simama hapo hapo kizingitini, mzigo ukiwa bado begani, unitazame usoni, useme kwa mdomo wako: Bibi, baba hakunywa. Shikamoo ingoje.

Bibi yako